Saa za Kibofu cha Salumu

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya mkojo, Matroni alinikabidhi chupa ya kupimia na amri moja: "Hapa hakuna kuona kinyaa. Ukikunja uso tu, mgonjwa atakuficha." Nilikuwa nimetoka Masasi na sare iliyonyooka kwa pasi, nikadhani ananionea.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha figo. Huko nilijifunza kwamba huwezi kumwekea mtu figo mpya juu ya kibofu kibovu. Mkojo ukijaa na kukaa, hurudi juu na kuiharibu figo mpya kama ulivyoziharibu zile za kwanza.

Salumu, muuza vitenge wa Kariakoo, alizaliwa na kizuizi kwenye njia ya mkojo. Alipofika kwetu alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu. Dada yake, Mwanahawa, alikwisha kupimwa na kukubali kumpa figo moja. Kilichobaki ni kibofu. Nikamfundisha kujitoa mkojo kwa katheta, ule mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa chache.

"Sista, dukani nitasahau," alisema.

"Si unaswali? Kila ukisikia adhana, toa mkojo."

Akacheka, akasema hiyo rahisi. Nami nikajiona mjanja wiki nzima.

Baada ya miezi miwili, Daktari Bingwa wa njia ya mkojo aliniwekea mezani majibu ya kipimo cha mgandamizo wa kibofu. "Bado kinajaa kupita kiasi. Mgonjwa wako hafuati maelekezo. Tukimpandikiza hivi, figo ya dada yake tutaitupa. Namtoa kwenye orodha."

Mwanahawa aliposikia, aliangua kilio pale kwenye benchi la nje. Mimi nikamvaa Salumu: "Kumbe unanidanganya?"

"Wallahi, sista, sijakosa adhana hata moja. Kila saa nimeiandika, daftari hili hapa."

Nikasoma, nikahesabu kwa vidole. Kati ya magharibi na isha kulikuwa na saa moja na kidogo. Kati ya isha na alfajiri, saa tisa. Kati ya alfajiri na adhuhuri, saa saba. Mimi Mkristo nilihesabu swala, sikuhesabu saa zilizo katikati.

Nikaenda kwa Daktari Bingwa. "Kosa ni langu, si la mgonjwa."

Akasema: "Basi lirekebishe. Nakupa miezi mitatu."

Tukaongeza saa nne asubuhi na saa sita usiku. Mwanahawa, asiyemwamini kaka yake hata kidogo, akawa anampigia simu: "We Salumu, amka!" Kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri. Siku ya upandikizaji nilipouona mkojo ukichuruzika kwenye mfuko, nililia mbele ya watu wote wala sikuona haya.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga, Daktari Bingwa aliusifu ujasiri wangu wa kukiri kosa, nikainama tu. Vijana mnaoanza uuguzi, niwaambie ninyi: haukuwa ujasiri. Siku ile ya daftari, mlangoni kwake niligeuka mara mbili ili nikanyamaze zangu. Lakini njia ya kurudi ilipita kwenye lile benchi, na Mwanahawa alikuwa bado analia. Nikashindwa kumpita.