Bi Glenys, tiketi moja na keki ya ghorofa tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Glenys Ramsden anafungua dirisha la tiketi katika stesheni ndogo ya Skelbeck, kaskazini mwa Uingereza. Chai yake inafuka mvuke pembeni. Mteja wa kwanza, mwanamke mwenye begi jekundu, anataka tiketi ya kwenda uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London.

"Ndege saa ngapi?" anauliza Glenys.

"Kesho mchana."

"Basi shuka Newark ukamwone mama yako. Siku ya Jumanne alipita hapa, analalamika umemtupa."

Mwanamke anaguna, lakini analipia tiketi ya kushuka njiani.

Glenys ana miaka 59, na 31 kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya kioo hiki. Zamani alihudumia watu mia mbili kwa siku. Leo wakifika arobaini anashukuru. Mara mbili pametokea maneno ya kulifunga dirisha lake.

"Simu inakuuzia tiketi," anasema, "lakini haikuulizi habari za mama yako."

Tiketi anayoipigia debe haimfungi abiria kwenye treni moja. Unaweza kushuka, ukala, ukaendelea na treni ya baadaye. Ina pia alama ndogo kama msalaba, inayomruhusu mwenye nayo kuvuka London kwa treni za chini ya ardhi bila kulipa tena. Abiria wengi hawaijui. Na si abiria tu.

Aprili iliyopita alimuuzia tiketi hiyo Wilfred Hoyle, fundi bomba mstaafu wa miaka 74, aliyekuwa akipitia Gatwick kwenda Hispania kwenye harusi ya binti yake. Wilfred ana dada watatu: Edna wa Doncaster, Hilda wa Grantham na Muriel wa Peterborough. Kwa miaka tisa hawakusemeshana, kisa cherehani ya marehemu mama yao. Hakuna aliyekubali kupanda ndege moja na mwenzake. Ila kila mmoja aliapa kumwokea bibi harusi ghorofa moja ya keki.

Hivyo Wilfred akashuka stesheni tatu, akapokea mikebe mitatu, akafika London mikono imejaa. Kwenye geti la treni za chini ya ardhi, tiketi ikakataa.

"Hii imechorwachorwa na makondakta watatu, mzee," akasema mlinda geti, Delroy Otway. "Imekwisha kazi. Kanunue nyingine."

Wilfred hakusogea. Akaweka mikebe chini, akampigia Glenys simu, akaiweka kwenye spika. Kule Skelbeck Glenys naye akaiweka yake kwenye spika, foleni nzima ikatega masikio.

"Mwanangu," Glenys akamwambia mlinda geti, "hebu tazama ilipoandikwa njia. Unaona nini?"

"Maandishi."

"Na pembeni ya maandishi?"

Delroy akaisogeza tiketi karibu na macho.

"Kama… msalaba."

"Huo ndio unaomvusha. Huniamini? Fungua kitabu chenu cha kanuni, nasubiri. Ila soma upesi, ndege haisubiri."

Delroy akafungua kitabu. Watu nyuma ya Wilfred wakaanza kunung'unika. Dakika nne baadaye ikasikika sauti ya geti likifunguka, na Skelbeck foleni ikapiga makofi.

"Angenidai hata pauni moja nisingetoa," anasema Wilfred, aliyeegemea dirisha akisikiliza mahojiano haya. "Si ubahili. Ni haki."

"Ni ubahili," Glenys anamkatiza.

Delroy aliona haya, akambebea mikebe hadi kwenye treni. Wilfred akamkatia kipande cha keki, akawahi ndege zikiwa zimebaki dakika kumi na moja mlango ufungwe.

Kipande kile kilitoka kwenye ghorofa ya Hilda. Picha za harusi zilipofika, Edna aliona pengo, akampigia Muriel, mara ya kwanza tangu cherehani, ili wamcheke Hilda pamoja. Hilda aliposikia, akawapigia wote wawili kuwaambia kwamba keki yake ndiyo pekee iliyochaguliwa kumshukuru mlinda geti.

"Sasa wanaongea," anasema Wilfred. "Wanagombana kila Jumapili, lakini wanaongea."

Machi ijayo Glenys anastaafu. Ameshapanga safari: atajiuzia tiketi ya Gatwick kwa mkono wake mwenyewe, atashuka Grantham kula chakula cha mchana, Peterborough atazuru kanisa kuu, kisha avuke London.

Na kutoka Gatwick ataruka kwenda wapi?

"Kuruka? Nani kasema naruka?" Anacheka mpaka chai inamwagika. "Nitakaa pale nitazame wenzangu wakipakiwa kwenye yale madude. Halafu narudi nyumbani kwa treni. Na kurudi, nashuka kila stesheni nitakayoipenda."