Mtoto wa Mgongoni kwa Mama

Mama yangu alipigwa picha moja tu maishani mwake, na ndani ya picha hiyo amembeba mtoto wa mwenzake. Nimeiona mwaka huu, uzee umeshanikalia, ikiwa mkononi mwa mgeni.

Watu wa shamba la kahawa la wazungu, alikokuwa yaya mama, ninawakumbuka wote kwa majina, wa jikoni, wa zizini, hadi mbwa. Shule nilisoma kidogo mno, kwa hiyo mambo yangu yote yamekaa kichwani. Lakini humu siandiki jina la mtu. Wameacha watoto, na hao watoto hawajanituma.

Mgeni alikuja tumeshavuna maharage ya ngwara, mimi na mdogo wangu tumekaa uani tunapepeta. Alikuwa mama wa Kiingereza, umri kama wa binti yangu mkubwa, ameletwa na dereva wa watalii, kijana wa Kimasai wa Soitsambu. Dereva akainamisha kichwa nimguse utosini, akaniita koko, yaani bibi. Mdogo wangu, kwa utani wetu Wairaqw na Wamasai, akamuuliza kama amekuja kumalizia ng'ombe waliobaki. Akasema leo ameleta gari dogo, ng'ombe hawatoshi.

Basi akatueleza. Babu yake huyu mama ndiye Mwingereza aliyefyeka msitu huku Karatu, kwenye mteremko unaopanda Ngorongoro, akapanda kahawa. Sasa mjukuu anafuatilia ukoo wao, nani alizaa nani, nani alizikwa wapi. Wote amewapata isipokuwa mmoja, shangazi yake, aliyefariki akiwa mchanga huku huku. Baba yake ni mgonjwa sana, na kila siku anauliza dada yake mdogo amelala wapi. Watu wa loji, ambayo ndiyo ile nyumba yao ya zamani, walimwambia aje kwangu.

Ndipo akatoa picha. Mama amesimama barazani kwa wazungu, kijana, shingo ndefu, na mgongoni kichwa cheupe kimechungulia. Niliangalia mbeleko kabla ya uso. Ilikuwa yangu. Baba aliinunua nilipozaliwa mimi, kitambaa cha mistari, na mama aliichukua kwenda nayo kazini nikiwa bado naililia.

Nikamwambia dereva, "Mwambie sijui lilipo kaburi."

Mdogo wangu akaacha ungo. Alijua kwamba najua. Mama alikuwa akienda kulipalilia kila mwaka kabla ya mvua, na miaka ya mwisho mimi ndiye niliyemshika mkono. Mgeni akashukuru, akaacha namba ya simu, akaondoka na picha yake.

"Dada," mdogo wangu akasema, "unamwonea wivu marehemu?"

"Wewe ulimpata mama mzima. Pepeta."

Yeye alizaliwa wazungu wameshaondoka. Mimi nilikuwa namwona mama asubuhi akitoka na jioni akirudi, ananukia sabuni ya watu wengine. Yule mtoto akikohoa, mama halali kwetu. Nikikohoa mimi, bibi ananichemshia majani. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa najua kabisa nani ananichukulia mama.

Halafu mtoto akaugua homa, akafia mgongoni kwa mama, wakiwa njiani kutoka bustanini. Niliposikia nilikimbia hadi njia panda kumpokea mama. Nilijua sasa amekuwa wangu. Aliponiona akanyoosha mkono, akanizuia nisisogee.

Kwetu Wairaqw kuna metimani. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa kando na watu, ana moto wake, ana kibuyu chake, hachoti maji na wenzake, hagusi mtoto, hadi atolewe na wazee. Wazee walisema mtoto wa mzungu hana metimani, mama arudi tu nyumbani. Bibi akakataa. Akasema mtoto aliyekata roho mgongoni kwako, huulizwi ni wa nani. Na mama mwenyewe alikuwa ameshakata tawi na kuwasha moto wake ng'ambo ya korongo.

Msimu mzima nilikaa upande wangu wa korongo nikimtazama akisaga. Nikimwita, ananijibu ameangalia pembeni. Mbeleko hakurudi nayo. Ilizikwa na mtoto.

Usiku ule baada ya mgeni kuondoka sikufikiria kaburi hata kidogo. Nilifikiria shingo ya mama. Nilikuwa nimeshaisahau ilivyokuwa. Asubuhi nikampigia dereva simu, nikamwambia nitaonyesha, ila picha ibaki kwangu. Akaulizia. Akaniambia ni hiyo moja tu, mgeni atanitolea kopi nzuri sana mjini.

"Kopi achukue yeye," nikasema.

Halafu nikasikia sauti ya huyo mama mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Sawa, bibi."

Tukaenda. Ni juu ya mfereji wa zamani, nje ya fensi ya loji, mawe meupe ambayo mama aliyabeba kutoka korongoni. Msalaba wa mti ulishaliwa na mchwa. Mgeni alipiga magoti akagusa mawe moja moja, akalia bila sauti. Akawapigia kwao, akamwonyesha baba yake kwenye simu. Mzee alitazama muda mrefu.

Alipomaliza akafungua karatasi kubwa yenye ukoo wao, akasema neno, dereva akanigeukia.

"Koko, anataka kumwandika mama yako hapa, pembeni ya mtoto. Anasema naye alikuwa mama yake."

"Mwambie hapana."

"Nimwambie hapana tu?"

"Mwambie mama alikuwa na watoto wake. Kama anamwandika, chini yake aanze na mimi."

Mgeni hakubisha. Aliandika mama, akashusha mstari, akaniandika mimi, kisha ndugu zangu kwa kufuatana, hadi mdogo wangu. Yule mtoto akamuunga na mama kwa vitone, pembeni kabisa. Nikamwambia amsogeze mbali kidogo tena. Dereva akacheka, lakini akatafsiri, na mgeni akafuta akaandika upya.

Picha nimeitundika sebuleni, juu yake kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kimening'inia upande mmoja, kinafunika mgongo wa mama na kilichomo mgongoni. Mdogo wangu kila akija anakinyanyua, anamsalimia mtoto, ananitazama. Akiondoka nakishusha. Siku nyingine nachelewa kidogo kukishusha, maana nikimfunika mtoto, mbeleko yangu nayo inafunikwa.