Wagdi na Amplifaya ya Pili

Kaka yangu Wagdi ana kichwa kigumu, na nasema hivyo huku nampenda. Duka lake la kufunga muziki wa magari hapa mjini Tanta limepakana ukuta na cherehani yangu, kwa hiyo kila besi anayoijaribu naisikia kwenye meno.

Mwaka jana alimuuzia Desuki, muuza machungwa, amplifaya ya pili ya gari lake la Pijo. Mdogo wake Desuki alikuwa anaoa, na kwetu magari ya msafara wa bibi arusi hushindana kwa besi. Wagdi akamwahidi sauti maradufu. Nguvu mara mbili, sauti mara mbili: ndivyo alivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kumbishia. Siku ya harusi vijana wakaweka kipimo cha sauti juu ya dashibodi. Kwa amplifaya moja gari lilikuwa linatoa desibeli 138. Kwa mbili likatoa 141, na masikio ya watu wala hayakushtuka. Desuki alichekwa mpaka akazima muziki mbele ya nyumba ya wakwe. Mimi nilijifungia ndani kwa aibu.

Wagdi alimwendea mwalimu wa fizikia wa mtaani kwetu, akarudi amenywea. Kumbe ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli tatu tu. Ili sikio lisikie sauti maradufu, nguvu inatakiwa karibu mara kumi. Miaka ishirini kazini, na hakulijua hilo! Akamaliza chai yake, kisha akaenda mkahawani kumtafuta Desuki, nami nikamfuata, maana namjua.

"Nipe tena lile gari," akamwambia. "Wiki tatu."

"Fundi, umeshanifanya kichekesho. Sasa unataka nizomewe?"

"Nisipoipita 141, nashusha kibao cha duka kwa mikono yangu. Ijumaa ya wiki ya tatu, baada ya swala, watu wote waone."

Mkahawa mzima ulisikia. Njiani nilimwambia amerukwa na akili, duka ndilo linalomlisha yeye na wanawe wanne. Akanijibu kwamba fundi asiyeijua kazi yake hana haja ya kibao.

Akaanza na sanduku la spika. La kwanza lilivuma ovyo, akalivunja kwa nyundo. La pili nililiona zuri kabisa, akalivunja pia. La tatu akalitengeneza kwa mbao nene, akaziba kila mwanya kwa gundi, na tundu lake la kupumulia akawa analipunguza sentimita moja moja, anasikiliza, anapunguza tena. Akabandika lami kwenye milango iliyokuwa inalialia, akabadilisha waya wa betri kwa mnene zaidi. Alikonda. Nilimpelekea mikate ya taamia, zile bajia za maharage, nikaikuta jioni imekauka pale pale.

Ijumaa uwanja wa nyuma ya soko la vitunguu ulifurika. Wagdi akafungua buti, akachukua bisibisi, akaanza kuing'oa amplifaya ya pili.

"We Wagdi, unapunguza?" Desuki akauliza.

"Napunguza."

Watu wakaguna. Akatuita tuliokuja naye, kama ilivyo desturi, tuegemee gari ili bati lisitikisike na kula sauti: wanawe milangoni, mkewe ubavuni, mimi nikikandamiza kioo cha mbele kwa viganja viwili, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Akawasha. Kioo kilinipiga viganja mpaka mabegani, na kwa sekunde kadhaa sikuweza hata kuvuta pumzi.

Kipimo kikasoma 144.

Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Desuki alimbusu kichwani, akaanza kuwazomea waliomcheka. Wagdi hakucheka. Aliichukua ile amplifaya, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akampa.

"Hii uza, au nirudishie nikurudishie pesa zako. Nilikuuzia kitu usichokihitaji, kwa sababu nilikuwa sijui."

Desuki akabaki ameikumbatia. Nami pale kwenye kioo nikaanza kulia mbele ya kadamnasi, bila haya. Nimeishi miaka hamsini katikati ya mafundi, na sikuwahi kumsikia hata mmoja akimwambia mteja kwamba alikuwa hajui.