Fedha Iliyofukia Udongo Wetu

Juzi mpwa wangu kanipakia kwenye pikipiki hadi kilimani kwetu, huko ndani nyuma ya Mwera. Vijana wamerudi na mitaimbo, wanachokonoa. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo bibi. Ati zamani hapa palitoka fedha?" Nikaitikia marahaba, ya fedha nikayakana. Nilimdanganya, Mungu anisamehe. Lakini wewe mwenzangu nitakwambia, maana limenikaa kooni tangu miaka ya hamsini.

Kabla ya fedha palikuwa na shimo la udongo wa kufinyangia, la wanawake peke yao. Bibi mzaa mama, aliyenilea, alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilifika Pangani vikapikiwa mchuzi wa papa. Tulipanda asubuhi, yeye akabisha hodi shimoni kama mlangoni kwa mtu, ndipo tukachota. Udongo ukikandwa ulinukia mvua ya kwanza. Siku ya kuchoma vyungu, makuti na makumbi yanawaka, bibi hukaa pembeni akisikiliza. Kikipasuka kimoja, alikijua kwa mlio. "Hicho kimekwenda," husema, kisha husonya.

Sharti lilikuwa moja tu: kitokacho shimoni hakionyeshwi mwanamume mpaka kipite motoni. Mwanamume akikiona kibichi, shimo linafunga.

Na mie nilikuwa na kimbelembele, wallahi. Siku moja niliokota humo jiwe la kijivu, zito kuliko ukubwa wake, linalometameta pale lilipovunjika. Nikalificha kwenye kanga, nikalipeleka shule nisifiwe. Nilisifiwa kweli. Mwalimu wetu, mwanamume, alilipima mkononi, akaniuliza nimelitoa wapi, nami nikamweleza njia yote mpaka shimoni. Akalipeleka kwa sonara Pangani. Sonara akaliyeyusha, madini ya risasi yaliyokuwamo yakaungua yakaisha, ikabaki punje ya fedha, ndogo kama ulezi.

Haukupita muda akaja mzungu na nyundo, mwalimu ndiye mkalimani wake. Darasani mwalimu alitusimulia kwa furaha habari za mlima wetu. Zamani sana, alisema, mwamba ulipasuka chini kwa chini, maji ya moto yakapanda nyufani, yakaacha jiwe jeupe, na ndani ya hilo jeupe jiwe la risasi lenye fedha kidogo. Mwamba wa kando ukalainika, ukaoza, ukawa udongo. Kumbe udongo wetu na fedha yao vilikuwa ndugu wa tumbo moja! Ningejua, jiwe lile ningelitupa mtoni.

Wakapasua baruti. Mitungi ya bibi ililia ndani ya nyumba. Wanaume wa kuajiriwa wakashinda pale pale tulipokuwa tukibisha hodi, wakitema mate na kukojoa, na kifusi chote wakakimwaga ndani ya shimo letu. Bibi alipanda mara moja tu kutazama. Aliporudi hakula.

Na faida yake nini? Ule mshipa wa fedha ulikuwa mwembamba, ukakatika chini, maji yakaingia mgodini. Mwaka wa tatu haukutimia, mzungu akafunga virago. Hatukuiona fedha hata ya pete.

Bibi akajaribu udongo wa mtoni. Siku ya kuchoma, vyungu vilipasuka vyote, na safari hii hakusonya. Alizoa vigae kwa mikono, akavitupa nyuma ya nyumba, kesho yake akaenda dukani kununua sufuria. Alikwisha jua ni mie niliyemwonyesha mwalimu njia, nami nilikuwa nangoja anipige. Laiti angenipiga! Alinipakulia wali wa nazi na kunde kama kawaida.

Jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo, alimwambia mbele yangu, "Mfundishe mjukuu kufinyanga, udongo utapatikana kwingine. Ufundi wako utakwenda na nani?"

Bibi alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Hakuinua uso. "Huyu hana mkono," akasema. "Ana mdomo."

Leo kijiji kizima hakuna afinyangaye. Udongo ungalipo chini ya kifusi, lakini wanaojua kuukanda wamekwisha. Nilimuuguza bibi mwenyewe, nikamlisha uji, nikamgeuza kitandani, naye akaniombea dua za kila namna. Neno lile la mdomo hakulifuta, nami sikuthubutu kumwomba alifute.