Pijo la Hatungimana na Mdomo Wangu

Mimi ndiye niliyesema gari lipo. Nakiri mapema, asije mtu akamsingizia Hatungimana, ambaye siku ile alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda, mikono magotini, anasikiliza wakwe wakimdharau kwa maneno matamu.

Walikuwa wamekuja kumposa Armelle, binti yake, nyumbani kwangu hapa Rusimbi. Nasema kwangu kwa sababu Hatungimana ni mpangaji wangu wa chumba cha uani tangu mwaka sabini na mbili, alipokimbia kutoka Burundi na mke, mtoto mchanga na gari. Kule alikuwa mwalimu. Hapa akawa fundi baiskeli. Mkewe, Manariyo, malaria ilimchukua mwaka wa tatu, na mtoto nikamlea mimi Melania, Mama Feliksi kama mtaa unavyoniita. Hakuna aliyeniomba. Mtoto alikuwa analia na mimi nilikuwa na mgongo, basi.

Mazungumzo ya posa yalikwenda vizuri mpaka alipofungua kinywa Shangazi Regina, shangazi yake Erasto, bwana harusi. Huyu ni mwanamke wa Mwandiga mwenye duka na pikapu nyeupe, na hiyo pikapu utasikia habari zake kabla hujaulizwa umeamkaje.

"Siku ya harusi msihangaike na usafiri," akasema. "Bi harusi tutamfuata kwa gari letu. Nyinyi ni wakimbizi, tunaelewa."

Tunaelewa! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka kumi na tisa mtu anaishi mtaani, amezika mke hapa, hakuna baiskeli Rusimbi ambayo hajaiziba pancha, bado ni "nyinyi wakimbizi".

"Gari lipo," nikasema. "Armelle ataondoka kwa gari la baba yake."

Hatungimana alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji ya moto. Lakini sikusema uongo. Gari lilikuwepo, nyuma ya choo, chini ya mpapai. Lilikuwa Pijo la zamani lililokuja kwa njia ya Manyovu mpaka petroli ilipokwisha, wakamalizia safari kwa kulisukuma. Sakafu imeliwa na kutu, milango imefungwa kwa kamba ya katani, na kuku wangu ndio walikuwa abiria. Kitu kizima kilikuwa injini. Kila Jumamosi, miaka yote hiyo, Hatungimana alichomeka hendeli kwa mbele na kuizungusha kwa mkono mara kadhaa, eti injini ikilala sana inakufa. Watu walimcheka. Hata mimi nilimcheka, tena kwa sauti.

Na halikuwa na kioo cha ndani, kile cha dereva kuangalia nyuma. Pale kilipokuwa palibaki tundu mbili za skrubu. Niliwahi kumuuliza, akasema kilianguka.

Wakwe walipoondoka akanifuata jikoni. "Mama Feliksi, umeniua."

"Harusi ni baada ya wiki sita," nikamwambia. "Utakufa baadaye. Sasa hivi kuna kazi."

Alitaka kuanza siku hiyohiyo, ila kiti cha dereva kilikuwa na kuku wangu mwekundu, amelalia mayai kumi na moja, na mimi kuku wangu aliyeatamia haamshwi kwa ajili ya mtu. Basi ukarabati ukaanzia nyuma. Kwa siku tisa Hatungimana alifanya kazi huku kuku akimwangalia kutoka kwenye usukani kama msimamizi wa barabara.

Mafundi gari wa mjini walikuja, wakacheka, wakaondoka. Nikamwita Bonifasi, mjenzi wa mitumbwi wa Kibirizi, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kutengeneza chombo chenye magurudumu. Alilizunguka gari mara mbili, akaligonga kwa vidole.

"Chombo ni chombo," akasema. "Kilichooza kinang'olewa, kinawekwa kingine."

Mbele ya gari akapaita omo, nyuma akapaita tezi, na hakuna aliyeweza kumrekebisha. Sakafu akaitengeneza kwa mbao za mninga, akaziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese kama wanavyoziba mitumbwi, kisha akamwaga ndoo mbili za maji ndani aone kama linavuja.

"Fundi," nikasema, "hili ni gari, si mtumbwi."

"Mvua haijui tofauti, mama."

Hatungimana yeye alishughulika na injini. Kabureta aliipata kwenye Pijo jingine lililokufa kule Mwandiga, kwa madumu mawili ya mawese yangu. Tangi la petroli lilikuwa limetoboka mno, hivyo wakafunga dumu juu ya paa na kuteremsha mpira mwembamba mpaka kwenye injini. Bonifasi akaweka nanga kwenye buti. Nikamuuliza ya nini, akasema breki hazimpi imani. Mwisho wakapaka rangi ya buluu na nyeupe iliyobaki kwenye mitumbwi. Nilimletea chai Bonifasi asubuhi moja nikamkuta ameinama mbele ya boneti na brashi ndogo, kwa sababu kwao chombo bila maandishi ni gogo tu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MDOMO HUPONZA KICHWA.

Nilimkimbiza kwa mwiko mpaka barabarani. Maandishi yakabaki.

Wiki ya tano likawaka. Mama yangu! Moshi ulitanda uani kote, kuku wakaruka ukuta, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani ni moto. Hatungimana aliliendesha taratibu mpaka kona ya mashine ya kusaga na kurudi, uso wake umejaa masizi, meno yote nje. Armelle alikuwa anaruka kama mtoto. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Halafu ikaja Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi, na Shangazi Regina akaja kumpa bi harusi masharti. Tulikaa kibarazani. Hatungimana alikuwa chini ya gari, anagongagonga kitu.

"La mwisho," akasema Regina baada ya kumaliza mengine yote. "Ukishatoka mlangoni na kuingia garini, hugeuki nyuma. Usigeuze shingo hata kidogo, mpaka kanisani. Bi harusi akigeuka, ndoa nayo inageuka. Kwetu ni mwiko."

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, nikatamani kumwonyesha na wa kwetu.

Armelle alisubiri aondoke ndipo akaniuliza. "Mama, hata mlango nisiuangalie? Hata wewe?"

Nilijua nitabaki. Masufuria ya pilau hayajipiki, na mlango huu ndio pekee aliowahi kuufahamu. Nikamwambia mambo ya kawaida, kwamba Mwandiga si mbali, kwamba atakuja Krismasi. Chini ya gari nyundo ilikuwa imenyamaza.

Baadaye kidogo Hatungimana akatoka kule chini, akanong'ona na Bonifasi nyuma ya choo, kisha wakaja wote wawili wakiwa na nyuso za msiba.

"Gia zimekufa," Hatungimana akasema. "Imebaki rivasi tu."

Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la mchele. Wiki sita! Mawese yangu! Niliwatukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kiha ambacho kina matusi ya kutosha. Nikamwona Regina kesho anashuka kwenye pikapu yake na lile neno lake, tunaelewa. Bonifasi alikuwa anaangalia angani, anapiga mluzi.

"Ntaco," Hatungimana akasema kwa Kirundi chake, yaani hakuna neno. "Rivasi nayo ni gia."

Jumamosi Regina alifika na pikapu imefungwa riboni, akalikuta Pijo limesimama mbele ya nyumba, lakini limeielekea nyumba. Boneti inanusa mlango wangu, nyuma ndiyo imeelekea barabarani.

"Mbona linatazama ndani?" akauliza.

"Limebaki na rivasi," nikajibu. "Lakini limewaka. Si mlitaka gari? Hilo hapo."

"Haiwezekani! Apande pikapu! Atakuwa anaitazama nyumba njia nzima, na mwiko je?"

Naapa sijui maneno yale yalitoka wapi. Mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nafuata.

"Ulisema asigeuze shingo," nikamwambia. "Hatageuza. Atakaa kwenye kiti kama binadamu na kutazama mbele. Nyumba ikiwa huko mbele, kosa ni la nyumba. Ukiona amegeuza shingo, niite."

Armelle akapanda akiwa na shela yake, akakaa kiti cha mbele. Hatungimana akaigeuzia nyumba kisogo, mkono mmoja juu ya kiti, shingo imepinda kutazama barabara kupitia kioo cha nyuma. Bonifasi akatangulia kwa miguu na filimbi kufukuza mbuzi. Gari likaanza kwenda kinyumenyume.

Hapo Regina akaanza kunijibu, na mimi sikukataa, tukajibizana pale mlangoni jicho langu likiwa barabarani. Barabara yetu imenyooka mpaka kona ya mashine. Njia yote hiyo nilimwona mwanangu ananitazama usoni, mkono umetoka dirishani unapunga, unapunga, na shingo yake imenyooka kama alivyoagizwa. Nilipiga kelele, nikaita jina lake, nikamwambia ale vizuri, nikamwambia sijui nini. Regina alipokumbuka pikapu yake Pijo lilikuwa limefika kona. Aliliwahi mbele kidogo, na kutoka hapo mpaka kanisani, nimeambiwa, alikuwa uso kwa uso na MDOMO HUPONZA KICHWA.

Saa kumi jioni, wageni wamekula uani kwangu, wakwe wameondoka na bi harusi wao moja kwa moja kutoka kanisani, nikasikia mngurumo. Pijo lilikuwa linakuja barabarani. Boneti mbele, buti nyuma. Likapinda vizuri, likaingia uani, likaegeshwa chini ya mpapai. Hatungimana akashuka, anajikanda shingo.

Nilimfuata nikiwa nimeshika kiuno. "Baba Armelle! Gia zimepona lini?"

"Hazikuwahi kuugua."

Akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikampa maji. Akayanywa yote kwanza.

"Siku tunatoka," akasema, "mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kaka yangu akaniambia endesha, usigeuke nyuma, ukigeuka hutaondoka. Nikatii. Hata kile kioo, tulipofika mlimani nilikiona kinanivuta, nikaking'oa, nikakitupa. Sikumwona tena. Miaka kumi na tisa, Mama Feliksi, najaribu kukumbuka siku ile alivaa kitenge gani. Sikijui. Sikukiangalia."

Nikakaa karibu naye. Kuku mwekundu alikuwa tayari anarudi garini na vifaranga wake, hakuna aliyemzuia.

"Mimi leo sikukuona, nilikuwa natazama barabara," akaendelea. "Lakini Armelle alikuwa ananitajia. Mpaka kona ya mashine. Baba, Mama amevaa cha njano. Baba, Mama anagombana. Baba, Mama ameinua mwiko. Baba, Mama bado anapiga kelele."

"Mwiko?" nikasema. "Nilikuwa na mwiko?"

"Wa pilau."

"Sikumbuki mwiko wowote mimi."

"Ntaco," Hatungimana akasema. "Yeye anakumbuka."