Koti Nililoligeuza

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kushushwa Tukuyu kwa malori, mimi fundi cherehani nilibakiwa na kazi mbili: kupunguza suruali za Wazungu zilizokuwa ndefu kuliko miguu yetu, na kukaa barazani nikitazama mvua. Mvua ya Tukuyu haina haya. Marehemu baba, aliyehamia hapa kutoka pwani, alikuwa akisema huku watu hukausha nguo kwa dua.

Kukaa bure ndiko kulikonitia ugonjwa. Siku moja mama mmoja wa Nkunga aliniletea koti la kaki, la jeshi, la marehemu mumewe, nimkatie kaptula mbili za wajukuu. Nikatazama mishono yake. Ilikuwa midogo, imenyooka, imekaa vita vizima bila kufumuka. Kaptula nikamshonea kwa kitambaa changu, koti nikabaki nalo. Tangu hapo sikupona. Huko Lupepo nilikuta kofia ya chuma inanyweshewa kuku, nikaibadilisha kwa sufuria. Nikapata mikanda, makopo ya kulia chakula, vifungo vya shaba, na medali yenye kichwa cha mfalme ambayo mtoto alikuwa akiiburuta kwa kamba kama gari. Vyote nikavipanga chumba cha nyuma. Mke wangu akaniuliza ni lini nitaajiri mlinzi. Majirani wakaanza kuniita Afande, nami, mtu ambaye hata mgambo nilikwepa, nikawa naitika.

Niseme ukweli, nilikuwa na kiburi. Niliona watu wanagombania kafa Ulaya, nguo ambazo wenyewe walisema ni za maiti wa Kizungu, huku vya baba zao wanavitupa jikoni, nikajiona ni mimi peke yangu mwenye akili wilaya nzima. Leo nondo na unyevu vimemaliza karibu vyote, na sina hamu ya kuhesabu vilivyobaki.

Mzee mmoja wa Kinyala alisikia habari zangu, akaja kwa miguu amebeba koti kubwa la jeshi la Mwingereza, alilorudi nalo kutoka vita vya Wajapani kule Bama. Lilikuwa la sufu nzito. Pindo la mkono wa kulia lilikuwa limeungua, na kwa ndani, kifuani kushoto, palikuwa na mfuko wa tumbaku alioushona mwenyewe. Alinisalimu kwa Kinyakyusa, nikaitikia, akacheka matamshi yangu ingawa nimezaliwa papa hapa.

"Nyumba yangu inavuja, mwanangu, na panya wananishinda," akasema. "Nitunzie hili. Nikikaribia kufa watoto watakuja kulichukua, nizikwe nalo."

"Nitalitunza, tata," nikamwita baba kwa lugha yake.

"Ndaga fijo," akashukuru, akaondoka na mvua yake.

Sisi Waislamu tunazikwa kwa sanda nyeupe, tajiri na maskini sawa, kwa hiyo haja ya koti kaburini sikuijua. Nilimwelewa kama fundi anavyomwelewa mteja: mtu akienda safari ya mbali, nguo yake ing'are. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa kwa miaka mingi.

Nikaamua kuligeuza. Kazi hiyo alinifundisha baba, na mitumba imeiua. Koti likichakaa unafumua mishono yote, ule upande wa ndani wa kitambaa, ambao haujaona jua, unauweka nje, kisha unashona upya. Nilishinda nalo majuma matatu. Nilifua sufu kwa maji ya vuguvugu. Pindo lililoungua nililikata nikaweka jipya. Mfuko wa tumbaku niliutoa, maana ulikuwa umeshonwa ovyo. Mabaki yote nikawashia pasi ya mkaa. Koti likigeuzwa, kulia huwa kushoto, na vifungo huhamia upande wa pili, likawa linafungwa kama la kike. Mafundi tunalijua hilo, na wateja wetu wa zamani hawakujali. Nililitundika nikalitazama kwa furaha ambayo sijaipata tena.

Masika yalipoingia, binti yake alikuja kuniambia mzee hajiwezi na anataka koti lake. Nililifunga kwenye karatasi, tukaenda pamoja mpaka Kinyala, matope mpaka magotini, na njia nzima nilikuwa nawaza atakavyofurahi.

Alikuwa amelala karibu na moto. Macho yalikuwa yamekwisha, akawa anaona kwa mikono. Nikamwekea koti kifuani. Mkono wake ukaingia ndani, upande wa kushoto, ukautafuta mfuko. Ukatafuta tena. Kisha akashika pindo pale palipokuwa pameungua, akapapasa kitambaa kizima. Akaja kwenye vifungo.

"Hili la mwanamke," akasema.

Nikamweleza. Nilieleza kugeuza, mishono, pindo, mfuko, na binti yake akawa anamrudia kwa Kinyakyusa. Nilimwona binti usoni. Hakuniamini hata yeye.

"Langu lina mfuko," mzee akasema. "Umeniletea kafa Ulaya."

"Tata, ni lenyewe."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza, "Uliliuza kwa Wazungu wanaokuja kupanda mlima?"

"Sikuliuza."

"Kama uliliuza, sema. Nitakusamehe. Ila nisilale hapa nalisubiri."

Ningemwonyesha nini? Kila kitu ambacho kingenitetea nilikuwa nimekikata kwa mkasi wangu na kukichoma moto. Ningeweza kubishana naye mpaka akate roho. Nikaona aibu, na nilimpenda mzee yule.

"Nililiuza, tata," nikasema.

Akashusha pumzi. Akanitafuta mkono, akaushika, akasema, "Ndaga, mwanangu." Binti akanikabidhi koti bila kunitazama. Nililia njiani waziwazi, mtu mzima mimi.

Alifariki juma lile. Walimzika ndani ya mablanketi mawili, mvua inanyesha. Mimi nilikwenda nimevaa lile koti. Nilisimama mbele, mahali pa kuonekana, nikiomba hata mtu mmoja wa rika lake alitambue, aseme kwa sauti kwamba lile ni la marehemu, kaburi likiwa bado wazi. Wazee walinipita mmoja mmoja wakitupia udongo. Wa mwisho, aliyekuwa naye Bama, akasimama, akashika mkono wa koti, akaisugua ile sufu kati ya vidole vyake.

"Zuri," akasema. "Umelipata mnada gani?"