Nyota ya Sare ya Kwaya

Nimechoka. Naanza na hilo ili usije ukadhani hapa kuna kijana aliyegundua kipaji. Niko kidato cha tatu, kila siku napanda na kushuka mlima kwenda shule, Jumamosi nabeba tangawizi, na nguvu inayobaki nashonea blanketi la vipande.

Baridi ya huku juu ndiyo iliyonianzisha. Fundi cherehani mmoja wa Same mjini, ambaye namfagilia kibanda nikishuka na mzigo, hunipa mabaki ya vitambaa, na ndiye aliyenionyesha kuyaunga kwa mkono. Nikanogewa. Baba akauliza nimechumbiwa lini. Bibi akasema mwanamume anayeshika sindano labda awe daktari. Mama alikuwa ameshasinzia, maana amechoka kuliko mimi. Baba akafunga mjadala: siku blanketi hilo likileta maneno nyumbani, litatandikwa bandani kwa kuku.

Kuku walisubiri miezi minne.

Jumamosi moja nililifua nikalianika uani, kando ya njia ya kanisani. Katikati nilikuwa nimeshona nyota ya zambarau, kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyopewa na fundi. Saa tisa akina mama wa kwaya wakapita kwenda mazoezini. Wakasimama. Kumbe ile zambarau ilikuwa sare yao mpya, ya kuvaliwa mara ya kwanza siku ya mavuno.

Waliingia wanne, mwenyekiti mbele. Shikamoo zangu nne zilipata marahaba moja. Walidhani Mama, mwanakwaya mwenzao, ndiye aliyekigawa kitambaa. Nikaeleza habari za fundi na mabaki yake.

“Mwanangu,” mwenyekiti akaniambia, “hata waume zetu hawajaiona. Wewe umeianika.”

Nikasema Mungu alishaiona tangu kwa fundi. Hakuna aliyecheka. Baba akatoka ndani, akatazama banda la kuku.

Mama ndiye aliyewahi. “Atafumua,” akasema. “Nyota yote, leo hii.”

Walipoondoka, aliketi upande wa pili wa blanketi akashika wembe. Alikuwa ametoka shambani, matope bado miguuni, na mazoezini hakwenda.

“Mishono umeibana hivi kwa nini?”

“Ili isifumuke.”

Akageuza wembe upande wenye makali zaidi. Tukaendelea. Giza lilipoingia vilibaki vipande viwili, akavimaliza yeye, akavifunga vyote kwenye leso na kuviweka kabatini chini ya sare yake.

“Mavuno yakipita,” akasema.

Tangu siku hiyo nalala na tundu kubwa juu ya tumbo. Juzi asubuhi Baba alinikuta nimejikunja, akauliza kama upepo unaingia. Nikamwambia unaingia na kukaa kabisa.

“Mavuno yenyewe bado wiki tatu,” akasema, akanivulia koti lake.